Zorro Alivuliwa Barakoa Wiki ya Tano: Uchambuzi wa Kisa cha 1919

Tarehe 9 Agosti 1919 jarida la All-Story Weekly la New York lilianza kuchapa hadithi ya mfululizo iliyoitwa The Curse of Capistrano, yaani Laana ya Capistrano. Ilitoka sehemu tano, moja kila wiki, ikafika tamati Septemba 6. Aliyeiandika ni Johnston McCulley, mzaliwa wa Illinois mwenye umri wa miaka 36, ambaye aliwahi kuripoti habari za polisi kabla ya kuhamia kwenye hadithi za wezi na wapelelezi. Katika kurasa za mwisho shujaa wake, Zorro, anatoka mbele ya gavana, askari na matajiri wa mji, anavua barakoa, na wote wanaona kuwa ni Don Diego Vega. Gavana ameshakubali kumsamehe. Binti anayempenda ameshakubali kuolewa naye. Hadithi imekwisha, na hakuna kilichobaki cha kusimulia.

Mwandishi anayepanga kumtumia shujaa wake kwa miaka arobaini hafanyi hivyo. Siri ya jina ndiyo mtaji wa shujaa wa barakoa. Ukishaitoa hadharani umefunga duka. McCulley alilifunga mwenyewe, kwa mkono wake, mbele ya wasomaji wote wa All-Story. Ndiyo maana kisa hiki kinanivuta kuliko visa vingine vya mashujaa wa majarida ya bei nafuu: Zorro tunayemjua leo, mwenye mavazi meusi na herufi Z kila ukutani, hakukusudiwa kuwepo. Alirudishwa na watu wengine, kwa sababu zao.

Wengi wanapouliza Zorro alitoka wapi, hutaka kutajiwa mtu wa kweli. Mmoja atamtaja Joaquín Murrieta, jambazi wa California wa enzi za dhahabu. Mwingine atamtaja William Lamport, Mwairishi aliyehukumiwa na mahakama ya kidini ya Mexico kuchomwa moto mwaka 1659. Kwa Lamport sitakaa, maana hakuna hata tukio moja katika hadithi ya McCulley linalomhitaji. Murrieta nitamrudia, kwa kuwa uhusiano wake na Zorro ni mzito, ila si ule unaosimuliwa kila mara. Tuanze na hadithi yenyewe, kwani wengi wanaobishana juu ya asili ya Zorro hawajawahi kuisoma.

Usiku wa mvua

Inaanza ndani ya baa, katika mji wa Reina de Los Angeles, mvua ikinyesha. Sajini Pedro Gonzales, pandikizi la mtu mwenye mdomo mrefu, anakunywa mvinyo na kujigamba jinsi atakavyomkomesha Zorro, yule mbweha anayevizia barabara kuu ya California. Katikati ya majigambo mlango unafunguliwa, anaingia Don Diego Vega, kijana wa ukoo tajiri, mpole, mlegevu, asiyependa makelele. Sajini na yeye ni marafiki. Diego analalamika kwamba mazungumzo ya damu na mapanga yanamchosha; je, mtu hawezi siku hizi kusikia habari za muziki au washairi? Anaaga, anarudi mvuani.

Kitambo kidogo mlango unafunguliwa tena. Safari hii ni mtu aliyevaa joho, uso wote umefunikwa kwa kitambaa cheusi chenye matundu ya macho. Anawazuia wengine kwa bastola ya mkono mmoja, na kwa mkono wa pili anapigana na sajini kwa upanga. Anamnyang'anya silaha, na badala ya kumuua anamzaba kibao, kwa kuwa sajini huyo alimpiga mwenyeji wa asili asiye na hatia. Kisha anaruka dirishani.

Sisi tunaosoma leo tunacheka, kwa maana tunajua. Lakini msomaji wa Agosti 1919 hakujua. McCulley hakumwambia popote kwamba Diego na Zorro ni mtu mmoja. Aliwaweka ndani ya chumba kimoja, usiku mmoja, mmoja baada ya mwingine, akamwachia msomaji dokezo hapa na pale kwa wiki tano. Msomaji makini angeanza kushuku mapema. Mwingine angefika mwisho akiwa bado anamdharau Diego. Utamu huo umepotea kabisa. Kila filamu iliyofuata imemwambia mtazamaji siri hiyo mapema, na haiwezekani tena kuisoma hadithi kama ilivyosomwa mara ya kwanza.

Angalia pia posa ya Diego, sehemu ambayo mimi naiona kuwa bora kuliko mapigano yote ya kitabu. Baba yake, Don Alejandro, amemtaka aoe, la sivyo mali itakwenda kwingine. Diego anapanda farasi mpaka kwa Don Carlos Pulido, mtu wa damu ya heshima aliyefilisiwa na watu wa gavana, kumposa binti yake Lolita. Lolita anataka kubembelezwa kama mabinti wengine: mchumba aje usiku, apige gitaa chini ya dirisha. Diego anamjibu kwamba anaye mtumishi anayepiga gitaa vizuri sana. Atamwagiza aje apige kwa niaba yake. Binti anawaka kwa hasira. Baadaye anakutana na Zorro, moyo unamwenda mbio, na kwa sura nyingi anamkataa na kumpenda mtu yule yule.

Hapo ndipo kipaji cha McCulley kilipo. Zorro mwenyewe ni kivuli chenye upanga. Hatukai naye muda mrefu. Diego ndiye tunayeishi naye, tukimwonea aibu. Na anapovua barakoa mwishoni, anaeleza jambo ambalo sijalisahau tangu nilipolisoma: kwamba tangu akiwa na miaka 15, aliposikia maonevu dhidi ya mapadri na wenyeji, aliamua kujifanya mlegevu huku akijifunza farasi na upanga kwa siri, na kwamba kila alipovaa joho na barakoa, Diego alimtoka. Mgongo ulinyooka, damu ikawa kama mpya, sauti ikakaza. Akiyavua, anarudi kuwa Diego mchovu. Hasemi kwamba Diego ni uongo mtupu na Zorro ndiye wa kweli. Anasema yote mawili ni yeye. Hicho si kitu kidogo kukikuta katika jarida la bei ya senti.

Umbo kutoka London

Sasa, umbo la hadithi hii McCulley hakulibuni. Mwaka 1903 huko Nottingham, Uingereza, ilionyeshwa kwa mara ya kwanza tamthilia ya Emma Orczy, mwanamke wa ukoo wa kibaroni mzaliwa wa Hungary, iitwayo The Scarlet Pimpernel. Mwaka 1905 ikaingia London, na mwaka huo huo ikatoka kama riwaya. Mhusika mkuu ni Sir Percy Blakeney, bwana wa Kiingereza ambaye mchana ni mjinga wa mavazi na vichekesho, na kwa siri anawatorosha makabaila wa Ufaransa wasikatwe vichwa wakati wa Mapinduzi. Anaacha alama ya ua dogo jekundu. Mke wake anamdharau. Ana chama cha vijana wa koo bora wanaomfuata.

Weka hayo kando ya Zorro: mchana mlegevu, usiku shujaa, anaacha alama, mwanamke anayempenda anamdharau bila kujua, mwishoni anawakusanya vijana wa koo tajiri, anawatia aibu kwa uvivu wao, wanaunda chama cha walipiza kisasi. Kufanana kwa namna hiyo hakutokei kwa bahati. Ila McCulley aliligeuza jambo moja la msingi. Blakeney anawaokoa wakubwa kutoka mikononi mwa wanyonge waliopata nguvu. Zorro anawaadhibu wakubwa kwa niaba ya wanyonge: hakimu aliyeamuru padri mzee Felipe achapwe viboko kwa kesi ya kusingiziwa anaishia kuchapwa yeye. Mageuzi hayo ndiyo yaliyomfanya Zorro asafiri mbali kuliko Blakeney. Watu wa kila nchi wanamjua hakimu wa aina hiyo.

Barakoa yenyewe, ambayo Blakeney hana, ilikuwa tayari kwenye karakana ya McCulley. Tangu 1916 alikuwa akiandika katika Detective Story Magazine habari za Black Star, mwizi mkuu aliyevaa joho na kifuniko cha uso, aliyeacha nyota ndogo nyeusi kila alipopita. Aliyemwinda ni Roger Verbeck, kijana tajiri. Barakoa, joho, alama na kijana tajiri: vyote vimo, ila vimegawanywa kwa watu wawili walio maadui. Mwaka 1919 McCulley aliwaunganisha wawa mtu mmoja. Wala hakuwa peke yake kwenye njia hiyo. Tangu 1914 Frank L. Packard wa Kanada alikuwa na Jimmie Dale, tajiri wa New York aliyevunja makasha ya fedha usiku na kubandika lakiri ya karatasi ya kijivu.

Uandishi wa kuchanganya namna hii ulitokana na soko. Frank Munsey alikuwa amegundua mwaka 1896 kwamba ukichapa hadithi tupu, bila picha za anasa, kwenye karatasi duni ya majimaji ya mbao, unaweza kuuza jarida zima kwa senti 10. Majarida ya aina hiyo yalihitaji maelfu ya maneno kila wiki na yalilipa waandishi kwa hesabu ya maneno. All-Story, jarida la kampuni ya Munsey, ndilo lililomchapa Tarzan mwaka 1912 na kumlipa Edgar Rice Burroughs dola 700. McCulley alikuwa mtu wa dunia hiyo. Aliandika kwa kasi, kwa jina lake na kwa majina ya bandia kama Harrington Strong, Raley Brien na hata Monica Morton. Mtu anayelipwa hivyo hana nafasi ya kukaa miaka akitafuta shujaa asiyefanana na yeyote. Anachukua kinachofanya kazi, anakichanganya, anakipeleka mahali papya.

Mahali papya ndipo palipoleta tofauti, na ndipo ninapokuwa na ugomvi na McCulley.

Hasira ya nani?

California ya Zorro ni ya mapadri wema, mashamba makubwa ya ng'ombe, mabinti kwenye roshani na gavana fisadi. Ubaya wote unatoka kwa watawala wanaozungumza Kihispania. Wamarekani hawapo kabisa. Jambo hilo linastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu unyang'anyi mkubwa wa ardhi uliowapata watu wa tabaka la Don Carlos Pulido ulifanyika baada ya Marekani kuichukua California mwaka 1848. Sheria ya 1851 iliwataka wenye mashamba ya zamani wathibitishe hati zao mbele ya tume. Kesi zilivutana miaka na miaka, gharama za mawakili zikala mashamba. Kabla ya hapo, mwaka 1850, wachimba dhahabu wa kigeni walitozwa kodi ya dola 20 kwa mwezi, mzigo uliowasukuma maelfu ya Wameksiko watoke machimboni.

Humo ndimo alimotokea Joaquín Murrieta. Mwaka 1853 bunge la California liliunda kikosi cha askari wa farasi chini ya Harry Love kuwasaka majambazi walioitwa kwa jina la Joaquín. Mwezi Julai kikosi hicho kiliua watu, kikakata kichwa kimoja, kikakitia ndani ya mtungi wa kioo uliojaa pombe, na kichwa hicho kikazungushwa kuonyeshwa kwa kiingilio. Waliolipa walikuwa wanatazama kichwa cha binadamu. Mwaka uliofuata John Rollin Ridge, mwandishi wa kabila la Cherokee ambaye familia yake nayo iliyaonja maumivu ya kufukuzwa kwenye ardhi, alichapisha huko San Francisco kitabu juu ya Murrieta: kijana mwema kutoka Sonora, aliyepigwa, mke wake akadhalilishwa, ndugu yake akanyongwa bila kosa, ndipo akawa jambazi. Kitabu hicho kilinakiliwa na kusimuliwa upya kwa miaka mingi mpaka jambazi mlipiza kisasi akawa sehemu ya simulizi za California.

Kwa hiyo wanaosema Murrieta ndiye Zorro wanakosea, lakini wananusa kitu cha kweli. Matendo ya Zorro hayafanani na ya Murrieta. Kinachofanana ni hasira: dola inakuonea, hakimu amenunuliwa, basi panda farasi. McCulley aliichukua hasira hiyo kwa watu walionyang'anywa, akairudisha nyuma kabla Wamarekani hawajafika, akampa mtoto wa mwenye shamba kubwa kuliko yote. Murrieta alipoteza kila kitu na mwisho akapoteza kichwa. Diego hapotezi chochote. Akishavua barakoa anabaki na baba, mali, mke na msamaha. Msomaji wa 1919, Mmarekani aliyelipa senti zake, alipata uasi usiomshtaki yeye wala babu yake.

Mapadri nao wamesafishwa. Misheni 21 za Wafransisko, kuanzia San Diego mwaka 1769 hadi ya mwisho mwaka 1823, ziliendeshwa kwa kazi ya wenyeji ambao wakishabatizwa hawakuruhusiwa kuondoka wapendavyo. Waliotoroka waliwindwa na askari na kuchapwa, na maradhi yaliwamaliza kwa wingi. Mwaka 1785 Toypurina, mwanamke wa Watongva, alishiriki kuongoza njama ya kuivamia misheni ya San Gabriel, karibu kabisa na Los Angeles ya Zorro. Huyo alikuwa mpinzani wa kweli wa eneo lile, mwenye jina na kesi iliyoandikwa. Katika hadithi ya McCulley wenyeji wanapigwa, wanatetewa, na hawasemi. Najua jarida la wiki halikuwa darasa la historia. Hata hivyo, anayemsifu Zorro kuwa mtetezi wa wanyonge na ajue ni wanyonge wepi waliofutwa ili atukuke.

Mwili wake aliupata sinema

Hadithi ingeweza kufia kwenye lundo la majarida ya 1919. Aliyeiokoa ni Douglas Fairbanks, mwigizaji aliyezaliwa mwaka mmoja na McCulley, 1883. Mwanzoni mwa 1919 yeye, Mary Pickford, Charlie Chaplin na D. W. Griffith walikuwa wameanzisha kampuni yao, United Artists, na walihitaji hadithi. Fairbanks na Pickford walioana Machi 1920, na inasimuliwa kwamba waliisoma Laana ya Capistrano wakiwa safarini kwenye fungate. Novemba mwaka huo filamu ikatoka, ikiitwa The Mark of Zorro, yaani Alama ya Zorro, mwongozaji akiwa Fred Niblo. Fairbanks mwenyewe alishiriki kuandika mchezo kwa jina la Elton Thomas.

Hapo ndipo Zorro tunayemjua anapozaliwa kwa macho. Joho la McCulley lilikuwa la zambarau na barakoa ilificha uso wote. Mwigizaji maarufu hawezi kuficha uso wake wote, hivyo ikawa barakoa ya macho tu, na mavazi meusi kuanzia kofia hadi viatu. Herufi Z, ambayo kitabuni ina nafasi ndogo na ya kutisha, kwani Zorro anaichora kwenye paji la uso la Kapteni Ramón, adui anayeuawa naye, ikawa saini ya furaha. Diego akapewa michezo ya mazingaombwe kwa leso. Na mwili wa Fairbanks, ukiruka kuta na kupita juu ya mapaa, ukaondoa uzito wote wa kisasi. Filamu ilipendwa mno, na ikamtoa Fairbanks kwenye vichekesho vya mjini ikamwingiza kwenye sinema za mapanga alizozifanya miaka iliyofuata. Miaka 19 baadaye Bob Kane na Bill Finger walipomtengeneza Batman, tajiri wa mchana na barakoa usiku, filamu hii ya Fairbanks ilikuwa miongoni mwa vitu vilivyokuwa kichwani mwa Kane.

McCulley sasa alikuwa na shida ya pekee: umma ulimtaka mtu ambaye yeye alishammaliza. Mwaka 1922 akaandika mwendelezo katika Argosy All-Story Weekly, majarida hayo mawili yakiwa yameshaunganishwa. Mwaka 1924 hadithi ya kwanza ikatoka kama kitabu, na jina lililowekwa juu ya jalada ni la filamu. Zorro wa McCulley akaanza kuvaa nyeusi kama Fairbanks. Kadiri miaka ilivyokwenda, hasa katika makumi ya hadithi fupi alizoandika kwenye jarida la West kati ya 1944 na 1951, siri ikarudi kuwa siri. Ile siku ambayo gavana na mji mzima walimwona Diego akivua barakoa ikaachwa kana kwamba haikutokea. Sioni kosa hapo. Naona mwandishi aliyekubali kwamba kiumbe wake alikuwa na wazazi wengine. Alifariki Los Angeles Novemba 1958, wakati Zorro wa televisheni wa Disney akiendelea kurushwa, na hadithi yake ya mwisho ya Zorro ilichapwa mwaka uliofuata.

Lakini kile kilichoachwa nje mwaka 1919 hakikukaa nje milele. Mwaka 1998 sinema ya The Mask of Zorro ilimpa barakoa Alejandro Murrieta, mwizi maskini, ndugu wa kubuni wa Joaquín. Adui yake ni askari wa Kimarekani aitwaye Love, anayehifadhi kichwa ndani ya mtungi. Mwaka 2005 Isabel Allende aliandika riwaya ya Zorro ambamo mama yake Diego ni mpiganaji mwenyeji aitwaye Toypurnia, jina lililotokana waziwazi na lile la mwanamke wa San Gabriel. Waandishi hao hawakumgusa Zorro wa Fairbanks: nyeusi ni ile ile, Z ni ile ile. Walichofanya ni kumrudishia wale ambao McCulley aliwapita pembeni, na kwangu mimi Zorro wa aina hiyo ana haki zaidi ya kubeba upanga kuliko mtoto wa Don Alejandro.